Shujaa na Picha Yake: Funzo kutoka Ujiji kwa Wasomaji Vijana

Hapana taifa lisilo na mashujaa wake, na hapana mtoto asiyetamani kuwa mmoja wao. Akisimuliwa habari za mtu aliyeshinda simba, mtoto huinuka akashika fimbo. Akionyeshwa picha ya mtu arukaye angani, hutafuta kitambaa akakifunga mabegani. Tabia hii si ya leo, wala si ya nchi moja. Linalotupasa sisi walezi wa vijana ni kuuliza: shujaa huyo tunayemweka mbele ya macho ya mtoto ni nani, ametoka wapi, na nguvu zake anazitumia kwa faida ya nani?

Katika makala hii tunakusudia kulitazama swali hilo tukiwa tumesimama Ujiji, kisha tupendekeze hadithi za picha zinazofaa kuwekwa mikononi mwa wanafunzi wetu. Tumeuchagua Ujiji kwa sababu historia yake yaonyesha wazi jinsi mtu awezavyo kuwa katikati ya tukio lakini akachorwa pembeni mwa picha.

Mji huu ulio ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, jirani na Kigoma, ulikuwa katika karne ya 19 kituo kikubwa cha misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora. Hapo zilifika nguo, shanga na baruti. Hapo zilipita pembe za ndovu na watumwa waliovushwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Tarehe 10 Novemba 1871, kwa mujibu wa kitabu cha Henry Stanley, yeye na David Livingstone wakakutana. Picha ya Wazungu wawili wakiinua kofia zao imechapwa vitabuni mara zisizo na idadi. Nyuma yao wamesimama watu wengi, nao hawatajwi kwa majina.

Lakini majina walikuwa nayo. Stanley mwenyewe ameeleza kwamba aliyekuja mbio kumlaki kabla ya mwingine yeyote alikuwa Susi, na baada yake Chuma. Watu hawa wawili, waliokuwa watumishi wa Livingstone, ndio walioongoza safari ngumu kuliko zote baada ya bwana wao kufa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1873. Waliukausha mwili wake, wakauzika moyo wake chini ya mti, kisha wao na wenzao wakaubeba mwili huo kwa miezi mingi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, hata wakafika Bagamoyo Februari 1874. Walipozuiwa njiani baada ya kupita Tabora, kwa kuwa watu hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, walitumia akili. Walifunga mabua mfano wa maiti, wakajifanya kuyarudisha nyuma yakazikwe. Na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo, wakaendelea na safari. Hapana nguvu za ajabu katika kisa hiki. Pana uaminifu, ujasiri na werevu. Msanii gani atakayekosa la kuchora hapo?

Wakati huohuo palikuwa na mtoto mmoja ambaye habari zake zinatuhusu zaidi, kwa sababu yeye aliandikiwa kitabu cha vijana. Stanley alipokuwa karibu na Tabora mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mvulana mtumwa aliyeitwa Ndugu M'Hali, jina ambalo Stanley alilifasiri kuwa ni mali ya ndugu. Jina hilo halikumpendeza. Akataka mtoto apewe jingine, naye akaitwa Kalulu. Mtoto huyo akafika Ujiji pamoja na msafara, kisha akachukuliwa hadi Uingereza na Marekani. Mwaka 1873 Stanley akatoa hadithi ya kubuni kwa ajili ya vijana wa kwao, iitwayo My Kalulu, inayosimulia urafiki wa kijana wa kifalme wa bara na mvulana Mwarabu wa Unguja. Kitabu kile kilikusudiwa pia kuwafunza wasomaji ubaya wa biashara ya watumwa, na kwa hilo hatukilaumu. Lakini tuyatazame yote mawili pamoja. Kalulu wa kitabuni alipewa ufalme, vita na maneno mengi, na maneno yote hayo ni ya Stanley. Kalulu wa kweli alirudi Afrika katika msafara wa pili wa Stanley, na mwezi Machi 1877 akafa maji katika maporomoko ya Mto Kongo. Maporomoko hayo yakapewa jina lake, yaani lile jina alilobandikwa. Huyu ndiye shujaa kijana wa kitabuni ambaye miguu yake ilikanyaga Ujiji, naye aliandikwa na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, kwa ajili ya watoto wengine.

Pengine msomaji atauliza: Je, shujaa mwenye nguvu za kupita kawaida si jambo la kigeni, lililoletwa na katuni za Marekani? La hasha. Superman alitokea huko mwaka 1938, kazi ya vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Lakini Waswahili walikuwa wakimsimulia Fumo Liyongo muda mrefu kabla ya hapo, na Muhammad Kijumwa wa Lamu aliuandika utenzi wake mwaka 1913. Liyongo hakuweza kuuawa kwa silaha yoyote ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni. Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, naye akaikata minyororo huku ngoma zikivuma nje ili sauti isisikike. Aliyemwua ni mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa kwa ahadi. Hata katika kufa alipiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji. Nguvu, siri ya udhaifu, hila na usaliti, vyote vimo. Basi mwanafunzi anaposoma katuni ya shujaa wa ajabu hajaenda ugenini. Amerudi nyumbani kwa mlango wa nyuma. Ni wajibu wa mwalimu kumwonyesha mlango wa mbele.

Katika magazeti yetu hadithi za picha zina historia ndefu, ila kwa sehemu kubwa ni historia ya vichekesho. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu tangu miaka ya 1950. Hapa Tanzania, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na gazeti la Sani likaja na wahusika wake waliopendwa sana, miongoni mwa wachoraji wake akiwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kazi hizo zilitufundisha kujicheka, na si faida ndogo. Shujaa wa mapambano yeye alitoka mbali: Lance Spearman, mpelelezi wa hadithi za picha zilizopigwa kwa kamera, aliyesomwa sana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Alikuwa Mwafrika, naye alishinda. Vijana wakaiga kofia yake na msemo wake. Hata hivyo hakujua Kiswahili, wala hakujua ziwa letu. Powerman naye, aliyetolewa mwaka 1975 kwa wasomaji wa Nigeria, alichorwa Uingereza. Ngozi nyeusi peke yake haitoshi kumfanya shujaa awe wetu.

Katika miaka ya karibuni mambo yameanza kubadilika, na hapa tuna ya kupendekeza. La kwanza ni Kwezi, kazi ya Loyiso Mkize wa Afrika Kusini iliyoanza mwaka 2014. Kwezi ni kijana wa mjini mwenye majivuno, anayejionyesha kwa nguvu zake ili asifiwe, mpaka wanapokuja watu wa kumfunza asili yake na wajibu wake. Wanafunzi wakubwa watamtambua mara moja. La pili ni mfululizo wa UNESCO juu ya wanawake katika historia ya Afrika, uliowekwa katika intaneti usomwe bila malipo. Humo yumo Malkia Njinga, aliyepambana na Wareno katika karne ya 17, akiwa amechorwa na Pat Masioni, msanii wa Kongo. Yumo pia Wangari Maathai wa Kenya. Hawa hawaruki angani, ila waliyoyatenda ni makubwa. La tatu ni Shujaaz, gazeti la katuni lililoanza Kenya mwaka 2010 na baadaye likafika Tanzania, ambalo mashujaa wake ni vijana wa kawaida wanaotafuta riziki. Lugha yake ya mitaani huenda ikamkera mwalimu wa Kiswahili. Basi na aitumie kuwa zoezi la kusanifisha.

Mwalimu anayepokea hadithi mpya na aipime kwa maswali matatu. Kwanza, nani yuko katikati ya picha, na nani amewekwa nyuma bila jina? Pili, nguvu za shujaa zinamlinda nani? Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na nguvu na ujasiri mwingi, na maisha yake aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili safi. Lakini nguvu zile zilijenga utajiri wa pembe na watumwa. Kijana na amsome, amjue, asimfiche, ila asidhani kwamba kila mwenye nguvu ni shujaa. Tatu, je, hadithi yaweza kusimuliwa kwa Kiswahili mbele ya bibi na babu, nao wakaielewa na kuongeza lao?

Wapo wanaosema kwamba picha humfanya mtoto mvivu wa kusoma. Sisi hatuoni hivyo. Picha ni mkono wa kumshika mtoto ili avuke kuingia katika maneno, mradi asiachwe palepale kivukoni.

Kazi kubwa zaidi bado haijafanywa, nayo haimngojei mchoraji wa Johannesburg wala wa London. Mwalimu wa Ujiji au Kigoma na awagawie wanafunzi wake karatasi na penseli, awape kisa cha mtumba wa nguo uliobebwa na Susi na Chuma. Awape meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini mwaka 1927. Awape wavuvi wa dagaa wanaotoka usiku wa giza na taa zao katika ziwa lenye kina cha mita 1,470, na wao wakitaka kumpa mvuvi nguvu za kutembea chini ya maji, wasizuiwe. Kisha awape yule mvulana wa mwaka 1871, awaambie waanze kwa kuandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, jina alilokuwa nalo kabla ya kuitwa Kalulu.