Mtutu Wenye Mifereji: Bunduki Kongwe na Mafundi wa Kanda ya Ziwa

Nassa, katika Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, ipo kando ya Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, digrii mbili na ushei kusini mwa Ikweta. Digrii hizo zina uzito katika habari hii. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini. Usukuma wote, Nassa ikiwemo, ukawa ndani ya marufuku. Mlango uliachwa wazi kwa gumegume tu, bunduki ya kushindilia inayowashwa kwa jiwe, tena kwa sharti kwamba mtutu wake uwe laini, usio na mifereji.

Mifereji hiyo huchongwa kwa msokoto ndani ya mtutu ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia yake. Bila msokoto, risasi hupepesuka kabla haijafika mbali. Kwa hiyo wakoloni hawakugawa silaha kwa wingi wake pekee. Waligawa kwa ulengaji. Mwenyeji aruhusiwe mlio na moshi, wao wabaki na shabaha. Ni jambo la kuumiza kulisoma, na historia zetu hulipita haraka mno.

Kabla ya mkataba huo silaha zilikuwa zimemiminika. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kujazwa kwa nyuma, hasa baada ya vita vya Prussia na Austria vya 1866, zile za zamani ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na nyingi zikashushwa Zanzibar. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Misafara ilizibeba hadi Tabora, na nyingine zikapanda kaskazini kuelekea ziwani.

Katika misafara hiyo zilipita pia bunduki za namna nyingine. Mwandishi wa habari Stanley, alipokuwa Unyanyembe, huko Tabora, mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alikuwa na Winchester. Winchester za wakati ule zilitumia risasi ambayo kiwashio chake kimefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Kipigio hugonga ukingo, si katikati. Ni ukoo mmoja na risasi ya .22 iliyotolewa na Smith & Wesson mwaka 1857, na .22 hadi leo ndiyo risasi ndogo inayojulikana kuliko zote. Ganda lake likishafyatuliwa halijazwi tena.

Bunduki zilipoharibika, nani alizitengeneza? Walongo wa Geita na Buzinza walikuwa mafundi wa chuma mashuhuri, na majembe yao yalilima mashamba ya Usukuma. Ng'ambo ya ziwa, Mmisionari Alexander Mackay, mhandisi kwa elimu, alitengeneza bunduki za Kabaka Mutesa wa Buganda. Baadaye alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, akafia huko Februari 1890. Lugard, afisa Mwingereza aliyefika Buganda, naye alimsifu Fundi Kisule wa Buganda kwa kutengeneza springi mpya na kufufua bunduki iliyovunjika. Mafundi wa Buganda, aliandika, walichonga vitako vilivyokaribiana sana na vya London.

Kitako na springi vinatii tupa na patasi. Mtutu wenye mifereji hautii. Tundu la bunduki ya .22, kwa mfano, lina kipenyo cha milimita 5.6 hivi, na msokoto wake wa kawaida hukamilisha mzunguko mmoja katika sentimita 41. Mifereji ya namna hiyo haichongwi kwa nyundo na fuawe, hata mkono uwe hodari namna gani. Ustadi ulikuwepo, mashine ndiyo haikuwepo, na mkataba wa 1890 ulizuia bunduki zenye mifereji zisiingizwe.

Kinachouua mtutu wa .22 mara nyingi si risasi, kwa kuwa madini ya risasi ni laini. Viwashio vya zamani viliacha chumvi iliyovuta unyevu, na kutu ikala mifereji; viwashio visivyo na chumvi hiyo vilianza kuenea miaka ya 1920. Adui mwingine ni ufito wa kusafishia unaoingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kusugua upande mmoja mwaka baada ya mwaka.

Fundi wa leo ana njia mbili. Aweke mtutu mpya, au apanue tundu la zamani kwa keekee na kuingiza ndani yake bomba jembamba la chuma lenye mifereji mipya. Njia ya pili huacha sura ya bunduki na namba yake vilevile. Kazi ngumu iko nyuma, panapokaa ganda: ukingo una unene wa milimita moja hivi. Pakibana, bunduki haifungi. Pakilegea, risasi hugoma au ganda hupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Ndiyo sababu naiunga mkono Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inapotaka kazi hii ifanywe na mwenye leseni pekee. Ila bunduki ambayo mtutu wake umekwisha, na mwenyewe ameisalimisha polisi, isiishie kuyeyushwa bila kuangaliwa. Zile zenye umri zizimwe kabisa, zipelekwe Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, zikae jirani na majembe ya Walongo.