Nukta Moja Kati ya Ar-Rahiim na Ar-Rajiim: Historia ya Herufi Mpaka Kwenye Mashine ya Kukata Stika



Leo nawaletea historia ya kitu kidogo kuliko punje ya mtama, nacho ni nukta ya herufi ya Kiarabu, na jinsi mashine zetu za kukata stika zinavyoweza kuila au kuizusha pale isipotakiwa.

Tuchukue neno tunalolitamka kila siku, ar-Rahiim, Mwenye kurehemu. Ile haa iliyo katikati haina nukta. Ukiweka nukta moja tumboni mwake inageuka jimu, na neno zima linakuwa ar-Rajiim, aliyefukuzwa, ambalo ndilo tunalolitaja tunapojikinga kwa Allah na shetani. Herufi nyingine zote zimebaki kama zilivyo. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: ukiiondoa nukta ya jimu kwenye "Audhu billahi", shetani anakuwa mwenye rehema. Astaghfirullah. Mtoto wa madrasa anaijua tofauti hii tangu wiki zake za kwanza, lakini mashine haikusoma madrasa.

Nasema hivi kwa sababu kazi hizi sasa zimekuwa nyingi na wanawake ndio tumezishika. Huku Mara, kuanzia Musoma mjini mpaka Bunda na Butiama, watu wanataka Ayatul Kursiy ya ukutani, "Maashaallah" nyuma ya bajaji, Bismillahi ubavuni mwa mtumbwi pale Mwigobero, majina ya watoto kwenye fulana za Maulidi. Mteja anakuja na picha kwenye simu. Picha hiyo imeshapita makundi kumi ya WhatsApp, imefifia, ina vumbi, na pengine ni picha ya stika nyingine iliyopigwa ukutani kwa jirani. Anakuambia, "Nitolee kama hii."

Hapo ndipo panapotakiwa kuigeuza picha kuwa vekta. Kwa ambaye hajawahi, picha ya simu ni vigae vidogo vidogo vya rangi, vinaitwa pikseli, kama lile zulia la vipande ambalo ukilisogelea sana unaona miraba tu. Kisu cha mashine hakiwezi kufuata miraba. Kinataka njia: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ni sawa na fundi cherehani. Huwezi kukata gauni kwa kuangalia picha ya gauni. Lazima kwanza uchore kwa chaki, kwapa lipinde wapi, shingo iingie kiasi gani, ndipo mkasi upite. Vekta ndiyo ile chaki.

Sasa turudi nyuma kabisa, maana suala la nukta halikuanza na kompyuta.

Waarabu wa mwanzo waliandika kwa nukta chache sana au bila nukta kabisa. Bee, tee, thee, nuni na yee zilipokuwa katikati ya neno zilifanana, na msomaji alijua kwa maana na kwa kuhifadhi moyoni. Isidhaniwe kwamba nukta hazikujulikana. Kuna hati ya karatasi ya mafunjo kutoka Misri ya mwaka 22 Hijria, yaani 643 Miladia, ambayo baadhi ya herufi zake zina nukta. Lakini haikuwa lazima. Misahafu ya zama za Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yake, ilikuwa mitupu, haina nukta wala irabu.

Uislamu ulipoenea kwa watu ambao Kiarabu si lugha ya mama, makosa ya usomaji yakaanza. Wanazuoni wanamtaja Abul Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 Hijria, kuwa ndiye aliyeanza kuweka alama za irabu, naye alizifanya kwa nukta za rangi, tofauti na wino wa herufi zenyewe. Baada yake, wakati wa utawala wa al-Hajjaj kule Iraq, wanatajwa Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar kwa kazi ya kutenganisha herufi zinazofanana kwa nukta. Halafu akaja Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Oman (ndugu zetu wa Unguja hapa mtatabasamu), na kwake tunanasibisha umbo la fataha, kasra na dhuma tunazozitumia hadi leo. Nukta tunayoiona ya kawaida ilifanyiwa kazi na vizazi vya watu waliokuwa na hofu ya neno la Mwenyezi Mungu kusomwa vibaya.

Mtu ninayempenda zaidi katika historia hii ni Ibn Muqla wa Baghdad. Alikuwa waziri wa makhalifa watatu wa Bani Abbas, na akapata mitihani mikubwa. Maadui zake wa kisiasa walisababisha akatwe mkono wa kulia, na alifariki gerezani mwaka 940. Inasimuliwa kwamba hata baada ya kukatwa mkono alikuwa akiifunga kalamu kwenye kigutu na kuandika. Leo hakuna ukurasa ambao wote wanakubaliana kwa yakini kwamba ni wa mkono wake. Kilichobaki ni kanuni yake. Alichukua nukta, ile alama yenye umbo la mraba uliosimama kwa pembe inayotoka unapoigusisha ncha ya kalamu ya mwanzi kwenye karatasi, akaifanya kipimo. Alifu ikapewa urefu wa nukta kadhaa. Kisha akachukua duara ambalo upana wake ni sawa na ile alifu, na herufi nyingine zikapimwa humo: hii inachukua robo ya duara, ile inachukua nusu.

Dada zangu, hiyo ni vekta. Herufi haikuwa tena picha ya kuigizwa kwa macho. Ilikuwa maelekezo ya vipimo. Mwandishi wa Baghdad na mwandishi wa mji mwingine wakishika kalamu za unene tofauti, mmoja akaandika ndogo na mwingine kubwa, uwiano unabaki ule ule, kama sisi tunavyovuta stika kutoka ukubwa wa sahani hadi ukubwa wa mlango bila kuharibika. Ibn al-Bawwab aliiendeleza khati hiyo, na msahafu alioandika mwaka 391 Hijria bado upo, umehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin.

Na visiwani kwenu mna ushahidi wa zamani wa kukata herufi kwa chombo cha makali. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe pale kwenye kibla, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Yule mchongaji hakuwa na nafasi ya kufuta. Kabla patasi haijagusa jiwe, mstari wa herufi lazima uwe umeshachorwa na kukubaliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa milango ya Mji Mkongwe yenye aya juu ya vizingiti, na ile ya Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Anayekata mbao, jiwe au stika anahitaji njia iliyo safi, na anahitaji mtu anayejua kusoma kinachokatwa. Zamani mara nyingi walikuwa wawili, mwenye khati na mwenye patasi. Siku hizi kazi zote mbili zimekuwa za mtu mmoja na kompyuta yake, na mimi naona hapo ndipo tatizo lilipoingia.

Nyongeza kidogo kuhusu Kiswahili chetu, kwa sababu nacho kiliandikwa kwa herufi hizi kwa karne kadhaa. Kiarabu hakina sauti ya pa wala cha, kwa hiyo waandishi wetu walitumia bee kwa ba na pa, na msomaji akajua mwenyewe. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alikuwa miongoni mwa waliojaribu kuongeza alama ili sauti za Kiswahili zitofautiane kwenye maandishi. Kanga za mwanzo zenye maneno nazo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Hata jina la kanga lenyewe, tunavyoambiwa, limetoka kwa yule ndege mwenye madoadoa. Nukta tena!

Sasa kompyuta. Haikuanzia kwenye vitabu wala nguo, ilianzia kwenye magari. Ufaransa, mwaka 1959, mtu wa hisabati wa kampuni ya Citroën, Paul de Casteljau, alipata njia ya kueleza mpindo kwa nukta chache: mbili za mwanzo na mwisho, na nyingine pembeni zinazouvuta mpindo kama unavyouvuta uzi. Kampuni ikaificha kama siri. Miaka ya sitini Pierre Bézier wa Renault akafanya kazi inayofanana na yeye akaichapisha, ndiyo maana mipindo hiyo ina jina lake. Anayechora kwapa anaelewa mara moja: unaweka alama begani, unaweka alama ubavuni, kisha rula yako ya kupindia inavuta katikati. Mwaka 1984 kampuni ya Adobe ikaileta mipindo hiyo kwenye uchapaji, na mwaka 2001 ukatoka utaratibu wa SVG, ambao ndio aina ya faili tunalopeleka kwenye mashine nyingi za kukata.

Mwaka huo huo wa 2001 mwanahisabati Peter Selinger alitoa programu iitwayo Potrace. Hiyo ndiyo inayofanya kazi ndani ya Inkscape, programu ya bure ambayo wengi wetu tunaitumia, pale unapobonyeza kugeuza picha kuwa njia. Inachukua picha, inagawa nyeusi na nyeupe, inazunguka ukingo wa kila doa jeusi, kisha inaulainisha ukingo kuwa mipindo ya Bézier. Ni kazi nzuri sana na sina ugomvi nayo. Ila ina kipengele cha kusafisha madoa: doa lolote dogo kuliko kiasi ulichoweka, linafutwa. Kawaida kinakuja kimewekwa chini kabisa, pikseli mbili, na kwa kiasi hicho hakina madhara makubwa. Tatizo ni kwamba picha ikiwa na vumbi, mtu anapandisha kile kipimo mpaka vumbi liishe. Kwa picha ndogo ya WhatsApp, nukta ya nuni na doa la vumbi zina ukubwa mmoja. Linaondoka vumbi, na nukta inaondoka nalo. Ukikishusha sana nako, vumbi lililotua chini ya haa linapewa njia nzuri laini, linakatwa, na linabandikwa ukutani.

Kwa kazi nyingine usafishaji huo ni neema. Kila Oktoba, kuelekea tarehe 14, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, watu wa Butiama alikozikwa wanataka sura yake kwenye fulana. Hapo unapandisha kipimo bila wasiwasi. Unachohitaji ni kivuli cha shavu, nywele na zile sharubu fupi, na vidoa vyote vya picha ya gazeti la zamani viende zao. Hakuna atakayeshindwa kumtambua Mwalimu kwa sababu ya doa moja kukosekana. Aya haiko hivyo.

Mama mmoja wa Bunda aliwahi kuniletea stika aliyoinunua kwingine akitaka nyingine ya rangi tofauti. Ilikuwa Bismillahi, imeandikwa kwa khati ya kupendeza, na yee ya mwisho imepoteza nukta zote mbili. Ilikuwa sebuleni kwake tangu Ramadhani na hakuna mgeni aliyesema neno. Ukiuliza, watu watasema Mungu anajua nia. Ni kweli anajua. Lakini wale waliotia nukta za rangi kule Basra nao walijua kwamba Allah anajua nia, na bado walikaa wakazitia moja moja.

Utaratibu wangu ni wa kuhesabu. Bismillahir Rahmanir Rahiim ina nukta nne tu: moja chini ya bee, moja juu ya nuni, mbili chini ya yee. Audhu billahi mpaka ar-Rajiim ina nukta kumi na mbili. Naweka kipimo cha madoa sifuri, natoa vumbi kwa mkono, kisha nahesabu kwenye kompyuta kabla ya kukata, na nahesabu tena baada ya kung'oa mabaki, kwa sababu nukta ndogo ya vinaili hupenda kuondoka imeng'ang'ania kwenye kipande unachotupa. Irabu nazihesabu peke yake. Picha ikiwa mbaya mno siigeuzi kabisa. Natafuta khati ile ile iliyochorwa tayari kwa vekta, au naandika upya kwa fonti ya Kiarabu na kuigeuza kuwa njia. Ayatul Kursiy ni ndefu, hiyo sihesabu peke yangu. Nachapa kwenye karatasi ya kawaida, nampelekea ustadhi akiwa na msahafu, na bei ya mteja inahesabu safari hiyo. Vipande vilivyoharibika vyenye jina la Allah nina boksi lake, havichanganyiki na takataka za cherehani.