Sauti ya Mwanamke Kampala: Kutoka Barabarani Hadi Kitabuni

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa aghalabu kwa wafanya biashara, lakini yafaa pia kupimia historia ya maneno ambayo wanawake wa Kampala wameyasema hadharani.

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku nguo fupi za wanawake. Vazi likawa jambo la amri, na mpita njia akakabiliwa kwa sababu ya urefu wa gauni lake. Mwaka 1978 amri nyingine ikaunda Baraza la Taifa la Wanawake na kuvifuta vyama huru vya wanawake. Basi aliyeonewa barabarani hakuwa na jukwaa, wala chama, wala chapa.

Vitu hivyo vitatu vilirudi kimoja baada ya kingine. Baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985, wanawake wasomi wa Uganda waliunda chama cha ACFODE. Mwaka 1996 kikazinduliwa FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, kwa juhudi za Mary Karooro Okurut, aliyekuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Makerere. Goretti Kyomuhendo akawa mratibu wake wa kwanza. Hivyo kutumikia chama kisichotafuta faida kukawa kazi kamili, yenye ofisi na majukumu, si hisani ya jioni tu. FEMRITE ilisoma miswada, ikaihariri na kuichapa. Mwaka 2007 mwanachama wake, Monica Arac de Nyeko, alipata Tuzo ya Caine kwa hadithi fupi.

Faida ya maandalizi hayo ilionekana Februari 2014. Sheria ya kupinga ponografia ilipokwisha kutiwa sahihi, baadhi ya wanaume waliwavua wanawake nguo njiani, wakidai kwamba wanaitekeleza. Wanawake walikusanyika mbele ya Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, Kampala, wakalaani uovu huo kwa sauti. Lakini hawakuishia kwenye kelele. Mashirika na wanaharakati waliyaandika madai yao na kuyafikisha Mahakama ya Katiba. Nayo, mwaka 2021, ikavibatilisha vifungu muhimu vya sheria hiyo.

Hotuba huamsha, chama hudumisha, maandishi hushuhudia. Kimoja kikikosekana, viwili hulegea.

Walimu wenzangu, tujiulize sehemu yetu. Vitabu vingi vya waandishi hawa vimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali tangu marekebisho ya mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwanafunzi wa kike anayeweza kusimulia kwa Kiswahili fasaha yaliyompata njiani, na afundishwe pia kuyaandika. Daftari lake ndilo mwanzo wa kitabu.