Kuzipima Dawa za Miti Shamba: Kutoka Masoko ya Baghdad Hadi Mkumbara

  

Mkumbara, wilayani Korogwe, iko chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara iendayo Same. Juu yake ni misitu ya Shume yenye baridi na unyevu. Mbele yake ni nyika kavu. Zama za Wajerumani, mbao za Shume ziliteremshwa hapo kwa waya wa juu hadi kwenye reli ya Tanga. Siku moja, baada ya Sala ya Ijumaa, tulionyeshwa hapo chupa ya dawa ya mizizi. Tukauliza: ni mti gani? Ulichimbwa lini? Mgonjwa anywe kiasi gani? Muuzaji akatujibu kwamba hiyo ni dawa ya asili, haina madhara, na inatibu kila kitu. Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Ghushi si jambo jipya

Ibn Abi Usaybi'a, tabibu na mwanahistoria aliyefariki mwaka 668H (1270), amepokea kisa cha Khalifa al-Ma'mun. Khalifa aliambiwa kwamba wauza dawa hawakosi kitu: kila uulizacho watadai wanacho. Likabuniwa jina la dawa isiyokuwepo, likapelekwa madukani. Wote wakasema wanayo, wakapokea fedha na kutoa vitu mbalimbali: huyu mbegu, yule kipande cha jiwe, mwingine manyoya. Baadaye Afshin, amiri wa jeshi lililopigana na Babak, alisimuliwa kisa hiki akawajaribu wauza dawa wa kambi yake vivyo hivyo. Waliokiri kwamba hawaijui dawa hiyo wakapewa idhini ya kuuza, waliodanganya wakafukuzwa.

Ndugu msomaji, zingatia: waliofaulu ni wale waliosema "hatujui".

Mwaka 319H (931), baada ya mgonjwa kufa kwa kosa la tabibu mjini Baghdad, Khalifa al-Muqtadir aliamuru matabibu watahiniwe na Sinan bin Thabit kabla ya kuruhusiwa kutibu. Katika karne ya sita Hijria, al-Shayzari aliandika kitabu cha mwongozo wa muhtasib, yaani msimamizi wa soko. Humo ameeleza jinsi afyuni inavyochanganywa na utomvu wa letusi mwitu au gundi, na namna ya kuitambua kwa kuiyeyusha ndani ya maji na kuinusa.

Hukumu ya kisheria

Msingi wa haya ni Sunna. Katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa ilhali juu ni pakavu. Akamkemea muuzaji na kujitenga na mwenye kughushi. Na katika Hadithi iliyomo kwa Abu Daud, anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, anabeba dhamana ya madhara anayosababisha. Ibn al-Qayyim, katika Zad al-Ma'ad, amefafanua dhamana hiyo: tabibu mjuzi aliyefuata haki ya fani yake bila kuvuka mpaka hatozwi, na mjinga anatozwa. Nia njema peke yake haimwondolei mjinga dhamana.

Hali yetu

Tusidhani kwamba kupima ni jambo la vidonge vya viwandani tu. Katika milima hii hii ya Usambara, kituo cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902 kilipanda mti wa mkwinini, na Wajerumani walitengeneza kwinini kutokana na magome yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nguvu ya gome hutofautiana kwa aina ya mti, na hata mti mmoja na mwingine. Mizizi yetu ndiyo hivyo hivyo: umri wa mti, udongo, msimu wa kuchimba na namna ya kukausha hubadili nguvu ya dawa. Gome lisilokauka vizuri huota ukungu. Na katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa za "asili" zilizochanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa.

Tanzania ina kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kilikuwa Taasisi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilianzisha Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo mlango wa kupimiwa upo.

Basi tunawausia maimamu: msiruhusu dawa itangazwe msikitini mpaka muuzaji ataje jina la mti, kipimo cha kunywa, tarehe ya kutengenezwa, na aonyeshe usajili wake. Muumini huiamini dawa kwa sababu ya mimbari. Ikimdhuru figo au mimba, je, sisi tuliomtangazia tutasema nini mbele ya Mola wetu? Na wazee wetu wajuao miti wasidharauliwe. Waandikwe, wasikilizwe, na dawa zao zipimwe, ili elimu yao itengane na biashara ya waongo.

Wallahu a'lam.