Kusimamisha mashini ili kuona ndani: kutoka ENIAC mpaka michezo ya televizio



Mu Kamina kila mtu anajua maana ya kituo. Reli inafika hapa na kugawanyika: njia moja inaenda Lubumbashi, moja Kananga na Ilebo, moja Kabalo mpaka Kalemie. Treni ikiwa inakimbia, huwezi kujua mabehewa yamebeba nini. Ukitaka kujua, paka ungojee isimame. Leo nataka tuangalie historia ya watu walioingiza wazo ile mu mashini za hesabu, na vijana walioitumia kisha ili kutia luga yao mu mchezo wa video.

Historia inaanza Philadelphia, ku Marekani, mu 1945 na 1946. Pale kulikuwa ENIAC, mashini ya tani karibu 30, yenye taa za umeme zaidi ya 17 000 ndani. Wanawake sita njo walipewa kazi ya kuipangia hesabu: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Hakukuwa ekra wala klavye. Programu ilikuwa nyaya zinazochomekwa huku na kule. Jibu likitoka vibaya, walichomoa waya mahali walipochagua. Hesabu ikifika pale, inasimama. Halafu walisoma ku mataa madogo ni namba gani zimebakia ndani, na kuzilinganisha na zile walizopiga wenyewe ku karatasi. Pale namba zinaachana, kosa liko mbele ya pale. Kifaransa tunasema point d'arrêt. Mimi nitasema tu kituo.

Tuje sasa ku michezo. Mu Novemba 1990, Nintendo ilitoa Super Famicom ku Japani. Ile konsoli iko na memori ya kazi ya baiti 131 072, na memori nyingine ya picha peke yake, baiti 65 536. Televizio inaonyesha msitu, mji, vita, lakini mu memori ya picha hakuna msitu. Iko karo tu, sawa karo za chini ya nyumba, kila moja pikseli 8 kwa 8, pamoja na orodha inayosema karo namba fulani iende mahali fulani. Hata herufi ni karo. Ukiona A ku ekra, mashini haijui kama ni A. Inajua paka namba ya karo.

Tarehe 6 Desemba 1992, kampuni Square ilitoa Final Fantasy V kwa ile konsoli, kwa Kijapani. Kwa Kiingereza haikuja. Vijana waliokutana ku intaneti, kundi lao likiitwa RPGe, hawakungoja. Walifungua maagizo ya mashini yenyewe, na mu 1997 wakatoa kiraka: faili ndogo inayobadilisha mchezo useme Kiingereza. Square yenyewe ilitoa Kiingereza chake mu 1999, ku PlayStation.

Wanafanyaje kazi kama ile? Leo vyombo ni vyepesi kupita vya wakati ule. Iko programu ya bure, Mesen, inayoiga konsoli za zamani ndani ya ordinatere na kukuacha uangalie ndani. Njia ni hii.

Kwanza, unasimamisha mchezo pale maneno yako ku ekra, unafungua memori ya picha, unatafuta karo za herufi. Tuseme A ni karo 128. B itakuwa karibu sana 129. Unaandika orodha yako.

Pili, unaweka kituo: unaambia programu isimame wakati kitu chochote kinaandikwa mahali pale mu memori ya picha. Mchezo unaendelea, mtu anaongea, na paap, yote inasimama. Sasa unaona agizo gani limeleta ile karo.

Tatu, unarudi nyuma. Mara nyingi karo imetoka ku memori ya kazi. Basi unaweka kituo kingine kule, na kingine tena, mpaka ufike ndani ya kaseti, pale maneno yanalala. Wanawake wa ENIAC wangetambua ile kazi mara moja.

Kwa nini nasimulia hii kwa wasomi wa hapa? Juu watoto wetu wanafinya "Start" na "Save" miaka na miaka bila kujua maana, na hakuna kampuni itatoka mbali kuja kutuuliza tunasemaje. Lakini angalieni hesabu. Herufi yenye rangi 4 inachukua baiti 16. Herufi 52, kubwa na ndogo, ni baiti 832, na zile tayari ziko mu mchezo wa Kiingereza. Kifaransa kinaomba é, è, ç, kwa hiyo mtu achore karo mpya. Kiswahili hakiombi hata moja. Herufi zetu zinangoja pale tangu zamani.

Kinachobana ni nafasi. "Save" iko na karo 4, "Hifadhi" inataka 7, na ukizidisha unaweza kukanyaga kitu cha jirani. Utasukuma maneno mahali pengine na kurekebisha maagizo yote yanayoyatafuta, ao utachagua vizuri: "Weka" ni herufi 4. Unaona, hapa mwenye kujua luga anafaa sawa mwenye kujua mashini. Na haki iheshimiwe: mchezo ni wa wenyewe, kinachopaswa kutembea ni kiraka chako tu.

Mimi nimesoma kilimo. Jani la muhindi likigeuka manjano, ugonjwa wakati mwingine hauko ku jani, unachimba shimo uone udongo. Ekra ni jani. Wale wa 1946 na wale wa 1997 walichimba.

Wandugu, menyu ya mchezo inaweza kuanza na maneno kumi tu. Kati yetu, nani ataandika ya kwanza?