Cheti Kilichotangulia Jamhuri

Mwezi wa nane mwaka 2009, wakili mmoja wa California alipeleka katika mahakama ya shirikisho nakala ya karatasi iliyodaiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha Barack Obama, kilichotolewa Mombasa. Juu yake kulikuwa na maneno "Jamhuri ya Kenya", yameandikwa kwa Kiingereza. Tarehe ya kutolewa ilikuwa 17 Februari 1964.

Mtoto yeyote aliyepita shule ya msingi hapa kwetu angewakamata hapo hapo. Februari 1964 hakukuwa na Jamhuri ya Kenya. Uhuru wetu ulikuwa na miezi miwili tu, Malkia Elizabeth bado alikuwa mkuu wa dola, na Malcolm MacDonald alikuwa Nairobi kama gavana mkuu wake. Jamhuri ilikuja 12 Desemba mwaka huo. Ndiyo hiyo tunayopumzikia kila Desemba, bana. Muda mfupi baadaye ikajulikana kwamba karatasi yenyewe ilikuwa imeigwa kutoka kwa cheti cha mtu mwingine kabisa, wa Australia.

Kwamba ilikuwa feki, hilo halina mjadala. Kinachonisumbua ni jinsi feki ya kiwango cha River Road ilivyoweza kuitikisa nchi yenye magazeti mengi, vyuo vikuu vingi na mawakili wengi kuliko nchi karibu zote duniani. Na kwa nini, katika kelele zote hizo, ni wachache sana waliokumbuka kumuuliza Mkenya.

Ukweli ulikuwepo tangu mwanzo. Obama alizaliwa Honolulu, 4 Agosti 1961. Magazeti mawili ya Honolulu yaliorodhesha kuzaliwa kwake mwezi huo huo. Baba yake alikuwa ametoka Kenya mwaka 1959 kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii. Juni 2008 kampeni yake ilitoa cheti cha Hawaii hadharani. Kesi ingeishia hapo. Badala yake ikaendelea miaka minane.

Ili kuelewa kwa nini, lazima turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1949. Mwaka huo tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kanuni ambayo tunaweza kuiita Kanuni ya Usawa. Hoja yake ilikuwa rahisi: mawimbi ya redio ni mali ya umma na hayatoshi kila mtu, kwa hiyo anayepewa leseni ana deni. Lazima azungumzie mambo mazito ya jamii, na lazima awape nafasi wenye maoni tofauti. Haikuwa lazima dakika zilingane. Ilikuwa lazima tu upande wa pili usikike.

Mwaka 1964, kituo kidogo cha redio katika mji wa Red Lion, Pennsylvania, kilirusha mahubiri ya mhubiri Billy James Hargis, ambaye humo alimshambulia mwandishi wa habari Fred Cook. Cook akaomba nafasi ya kujibu. Kituo kikamwambia alipe kwanza. Mvutano huo ukafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1969 majaji wakaamua bila hata mmoja kupinga: haki ya msikilizaji iko juu ya haki ya mwenye kituo. Cook alikuwa na haki ya kujibu.

Zingatia jambo moja. Hakuna aliyemfunga Hargis mdomo. Kilichotakiwa ni kwamba yule yule aliyesikia shutuma asikie pia jibu, mahali pale pale.

Kufikia miaka ya 1980 upepo ulikuwa umebadilika. Wakosoaji walisema kanuni inawatia vituo woga, mpaka vinaona afadhali kukaa kimya kuliko kugusa jambo lenye utata. Bunge la Marekani lilijaribu kuigeuza kanuni kuwa sheria kamili. Rais Ronald Reagan akakataa kutia sahihi mwezi wa sita 1987. Tarehe 4 Agosti 1987 FCC ikaifuta. Siku hiyo, kijana fulani aliyezaliwa Honolulu alikuwa anatimiza miaka 26.

Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1988, Rush Limbaugh alianza kurusha kipindi chake nchi nzima. Muziki ulikuwa umehamia FM, na vituo vya AM vilikuwa na saa nyingi tupu. Kipindi kilisambazwa kwa setilaiti, na mwanzoni vituo vingi vilikipata bila kulipa: kituo kinapewa saa za maneno, mwenye kipindi anabaki na dakika kadhaa za matangazo za kuuza mwenyewe. Biashara safi. Kisha mwaka 1996 Bill Clinton akatia sahihi sheria mpya ya mawasiliano iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote. Kikomo kilikuwa 40. Baada ya miaka michache, kampuni ya Clear Channel ilikuwa na takriban 1,200. Mwaka huo huo wa 1996, MSNBC ilianza Julai na Fox News Oktoba.

Najua pingamizi. Kanuni ya Usawa haikuwahi kugusa televisheni ya kebo, kwa hiyo hata ingebaki, Fox isingeguswa. Ni kweli. Na si redio za kihafidhina peke yake zilizobeba uongo wa Mombasa. Julai 2009 Lou Dobbs aliubeba ndani ya CNN, ingawa CNN yenyewe ilikuwa imeshautangaza kuwa uongo. Lakini nionavyo mimi, kilichokufa mwaka 1987 kilikuwa kikubwa kuliko kanuni moja. Lilikufa lile zoea la kuamini kwamba aliyetajwa ana haki ya kujibu. Msikilizaji akageuka mteja, na mteja hapewi asichokitaka.

Katika nyumba iliyojengwa hivyo, mwezi wa tatu na wa nne 2011, Donald Trump alizunguka studio moja baada ya nyingine akidai cheti. Tarehe 27 Aprili Ikulu ya Marekani ikatoa nakala kamili. Trump mwenyewe hakukiri hadharani kwamba Obama alizaliwa Marekani hadi 16 Septemba 2016, na alipokiri, ilikuwa sentensi chache tu. Miezi miwili baadaye akashinda urais.

Kwa miaka hiyo yote, neno "Kenya" lilifanya kazi gani? Si jina la nchi yenye sensa, foleni na bei ya unga. Lilikuwa njia ya kusema "mtu mweusi si wa hapa" bila kutamka maneno hayo. Sisi hapa tulikuwa tumepewa likizo na Rais Kibaki tarehe 6 Novemba 2008 kusherehekea ushindi wa Obama. Kule, jina lile lile lilikuwa tusi.

Binamu yangu, anayelea wazee katika kituo kimoja cha Texas, aliwahi kuulizwa na mzee anayemwogesha kama anajua hospitali aliyozaliwa Obama. Si kwa ubaya, aliniambia. Mzee aliamini kweli. Binamu akamwelezea habari ya Jamhuri na ile tarehe. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, kisha akaongeza sauti ya redio. Kwa jibu la Mkenya mmoja mwenye sabuni mkononi, saa tatu za redio kila siku hazisogei.

Ndiyo maana mwaka 2015 bado naukumbuka kwa fahari. Obama alipokuwa anakuja Nairobi mwezi wa saba, CNN ilituelezea kama kitovu cha ugaidi. Wakenya wakaingia Twitter na #SomeoneTellCNN, alama waliyokuwa wameitumia tangu 2012, wakawachamba kwa picha, vichekesho na hasira. Mwezi uliofuata mkurugenzi wa CNN akapanda ndege hadi Nairobi kuomba radhi. Hatukuwa na kanuni wala mahakama. Tulijitengenezea haki ya kujibu kwa simu zetu.

Lakini tusijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa Wamarekani tu. Redio zetu pia zilifunguliwa miaka ile ile: Capital FM mwaka 1996, Kameme mwaka 2000 kwa Kikuyu, kisha nyingine kwa lugha nyingine. Nilifurahia, na bado nafurahia, kusikia lugha zetu hewani. Baada ya vurugu za 2007 na 2008, Tume ya Waki ilisikia ushahidi kuhusu vipindi vya simu ambamo jamii nzima zilisemwa bila mtu wao kuwepo studio. Hiyo ndiyo Red Lion yetu, ila kwetu watu walikufa.

Na wanaohofia mkono wa serikali wana sababu. Januari 2018 serikali ilizima KTN, NTV na Citizen kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga. Tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa viache kurusha maandamano moja kwa moja, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia. Kwa hiyo mtu akiniambia dawa ya uongo ni kumpa waziri swichi, hapana, asante.

Ninachotaka ni kidogo zaidi, na labda ni kigumu zaidi. Ukinitaja hewani kwa jambo zito, unipe nafasi ya kujibu hapo hapo, kwa watu wale wale, bila kunitoza. Aprili 2023 Fox News ilikubali kuilipa kampuni ya Dominion zaidi ya dola milioni 787 kwa sababu ya uongo kuhusu mashine za kura. Dominion ilikuwa na mawakili na hasara ya kuhesabika. Mombasa haikuwa na lolote kati ya hayo. Hakuna mahakama ambayo mji unaweza kwenda kushtaki kwa kufanywa tusi miaka minane.

Obama alipoalikwa kwenye dhifa Ikulu ya Nairobi mwaka huo wa 2015, alitania kwamba huenda wakosoaji wake wanadhani amekuja kutafuta cheti chake. Watu wakacheka. Ilikuwa mzaha mzuri, na alikuwa amestahili kuutoa. Ila ningependa siku moja mtoto wa Mombasa aweze kusikia jina la mji wake katika redio ya Marekani, na mtu wa kutoka huko awe amekaa kwenye kiti cha pili.