Kamina ilizaliwa ku njia ya treni. Leo tunatembea na nini?



Kila tukikutana, mazungumzo inarudia ku motokari: nani amenunua, nani anangoja yake itoke Dubai. Mimi sina. Ku mashamba ninafika na kinga. Siku moja mama mmoja ku soko aliniuliza: «Tata agronome, masomo yote ile, bado uko ku kinga?» Nilicheka, lakini ulizo lake lilinisukuma nirudie historia ya mji wetu.

Reli iliingia Katanga kutoka kusini, kwa njia ya Rodesia. Ilifika Elisabethville 1910, ikafika Bukama 1918. Wabelgiji walikuwa na shida moja: shaba yao ilitokea mu nchi ya Waingereza. Walitaka njia yao wenyewe: treni mupaka Port-Francqui (leo Ilebo), mashua ku mto Kasai mupaka Léopoldville, tena treni mupaka Matadi. Kompani BCK, iliyoanzishwa 1906, ndiyo ilijenga ile reli ya Bukama–Port-Francqui, kilometa zaidi ya 1,100. Mfalme Albert aliifungua 1928. Kamina njo iko juu ya njia ile. Na 1956, tawi la kwenda Kabalo lilipomalizika, tukakuwa njia-panda: kusini Lubumbashi, upande mwingine Kasai, upande wa tatu Kindu na Kalemie.

Basi reli ilikuja kwa ajili ya shaba, si kwa ajili ya muhindi wetu. Lakini wazee wetu waliitumia: walipeleka watoto masomoni, walifuata kilio, walituma mifuko ya unga kwa ndugu. Mu mji wenyewe walitembea kwa miguu, na mfanyakazi aliyeweka feza kidogo kidogo alinunua kinga. Wakati ule, kinga ilikuwa heshima.

Treni ilibeba machungu pia. 1992 na 1993, ndugu zetu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, jamaa nzima zililala ku magare zikingoja treni. Njia ya kurudi Kasai ilipita hapa hapa Kamina. Tusisahau.

Tangu 1974 kompani ya reli ni ya Serikali: kwanza SNCZ, leo SNCC. Majina ilibadilika, lakini mashini na reli zilizeeka. Mwenye kukosa treni ya abiria anapanda juu ya mizigo. Aprili 2014, treni ilianguka Katongola, ku njia ya Kamina kwenda Mwene-Ditu. Machi 2022, treni ya mizigo ikaanguka Buyofwe, upande wa Lubudi. Mara zote mbili watu walikufa kwa makumi. Wengi kati yao hawakuwa na namna ingine ya kusafiri.

Sasa nani anabeba Kamina? Moto na kinga. Kijana anasukuma kinga yenye mifuko ya muhindi ku mchanga, mikono ku gidoni, kutoka kijiji mupaka soko. Tufanye hesabu kidogo. Kinga ikibeba mifuko miwili ya kilo 100, vagoni moja ya tani 40 inabeba mifuko 400. Ni safari 200 za kinga! Kila moja ya zile safari inalipwa, na mwenye kuilipa ni mukulima, kwa bei ya chini anayopewa ku shamba. Tunafundisha watu mbegu bora na mbolea, kisha mavuno yanakwama ku njia.

Najua mwenzangu atasema: «Tujengewe barabara, mambo yaishe.» Barabara tunaihitaji, sikatai. Lakini wangapi mu Haut-Lomami watanunua motokari? Reli iko tayari, hata kama imechoka. Sisi wenye kusoma tuombe vitu vitatu: treni yenye siku na saa inayojulikana, vagoni za watu na za mavuno, na vijia vizuri vya kinga na moto kutoka vijiji mupaka ku gare.

Yule mama sikumjibu siku ile. Leo ningemwambia: ndiyo, mama, bado niko ku kinga. Kinga inanifikisha kwako. Kinachonisumbua ni kwamba mufuko wako, ukifika ku gare, haujui treni itakuja siku gani.